Ngurumo au lori

Safari yenyewe tuliipanga miezi minne, na katika miezi yote minne hakuna hata mmoja wetu aliyetamka neno mvua. Tulibishana ndoana namba ngapi, tukabishana chambo hai au cha plastiki, nani alale upande gani wa tenti maana kuna mtu hapa simtaji anakoroma kama jenereta, tukafungua mpaka grupu la WhatsApp la safari likajaa picha za samaki wa watu wengine tulizookota mtandaoni. Mvua, hamna. Yaani ni kama vile ziwa nalo tulikuwa tumelikodi pamoja na boti, lipo tu linatusubiri limetandikwa.

Tulikuwa wanne. Kuna Nahodha, tunamwita hivyo kwa sababu boti ni ya shemeji yake na yeye ndiye aliyeachiwa ufunguo, sio kwamba ana ujuzi wowote. Kuna Mwalimu, ambaye kweli ni mwalimu, wa fizikia, hawezi kuona maji yanachemka akanyamaza bila kukueleza kwa nini yanachemka. Kuna Dogo, mtoto wa mjomba wake Nahodha, mara yake ya kwanza kuvua na alikuwa amenunua kofia kabisa ya kuvulia. Na mimi, niliyepewa cheo cha usalama kwa kosa moja tu, niliuliza laifujaketi ziko ngapi. Zilikuwa tatu. Tukaenda kutafuta ya nne, na toka siku hiyo mimi ndio nikawa yule mtu.

Tukafika Ijumaa mchana, jua linawaka, maji yametulia kama mafuta kwenye sahani. Nahodha akataka twende majini hapo hapo, tukasema ngoja kwanza tusimamishe tenti. Tunagonga kigingi cha mwisho, upepo ukageuka. Sio kwamba ulizidi, uligeuka. Moshi wa moto wetu ulikuwa unaelekea ziwani, ghafla ukaturudia usoni, na nyuma yake ikaja hewa ya baridi kama mtu amefungua mlango wa friji, halafu ule mlima wa ng'ambo tuliokuwa tunauona ukafutika, taratibu, kuanzia kushoto kwenda kulia, kama mtu anapitisha dasta ubaoni. Mwalimu akasema hiyo baridi ni hewa inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi, ikigonga chini inasambaa na kutangulia mbele ya mvua, kwa hiyo ukiisikia ujue mwenyewe yuko njiani. Hajamaliza sentensi tone la kwanza likampiga kwenye miwani.

Usiku ule tulilala kwenye gari, watu wanne na mabegi. Mimi ndiye niliyewatoa kwenye tenti na walinichukia kwa hilo. Lakini tenti kwa radi ni sawa na kujifunika gazeti, haizuii kitu. Gari lenye bati juu na pembeni linakusitiri kwa sababu umeme ukipiga unapita kwenye bodi kwa nje mpaka ardhini, na hapa niseme jambo maana nimechoka kulisikia, sio matairi! Umeme uliovuka kilomita kadhaa za hewa hauwezi kushindwa na inchi chache za mpira. Nilimwambia hivyo Nahodha akanijibu, sawa mzee, sasa toa goti lako mgongoni mwangu.

Tukawa tunahesabu. Ukiona mwanga unaanza, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka usikie mngurumo. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Mara ya kwanza tulifika kumi na nane, Dogo akacheka, akasema mbona mbali. Ikaja kumi na mbili. Ikaja saba. Kwenye tatu alikuwa hacheki tena, ameshika kofia yake mapajani kwa mikono miwili kama mtu aliyeenda kuposa. Halafu ukaja ule ambao huhesabu chochote, mwanga na mlio ni kitu kimoja, vioo vikatetemeka, na kwenye ule mwanga mweupe nikaona nje kila kitu kwa mpigo, tenti imelala chini, fimbo zetu za kuvulia tulizoziegemeza kwenye mti, na mawimbi, yaani sio mawimbi ya ziwa ninayoyajua mimi.

Watu wanadhani ziwa ni mdogo wake bahari, hivyo ukiweza bahari ziwa ni mchezo. Hapana. Ukubwa wa wimbi unategemea upepo una nguvu kiasi gani, umevuma muda gani na umepata uwanja wa maji mrefu kiasi gani, na kweli ziwani huo uwanja ni mfupi. Lakini ndio hapo penye ubaya, mawimbi yanakuja mafupi, yamesimama wima, yamefuatana karibu karibu, boti ndogo haijamaliza kushuka la kwanza la pili limeshaingia ndani. Na hata maziwa makubwa hayasamehe, kule Ziwa Superior, Amerika Kaskazini, tarehe 10 Novemba 1975 meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, urefu zaidi ya mita 220, ilizama na watu wake wote 29, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni nini hasa kiliimaliza. Sisi boti yetu ilikuwa na urefu wa gari mbili.

Jumamosi kulikucha mvua. Sio ile ya fujo, ile ya kukaa, imejitandika tu kama mgeni asiyeaga. Tukafunga turubai kati ya gari na mti tukakaa chini yake, chai, karata zilizolowa mpaka mfalme wa kopa akabanduka uso, simu za watu zina asilimia kumi na kitu na netwoki ni ya kupanda kilimani. Hapa ndipo vita ya methali ilipoanza. Nahodha akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nikasema kawia ufike. Yeye akasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, nikamwambia kule ziwani una mwana gani wewe. Dogo akatia, mvumilivu hula mbovu. Mwalimu hakuingia kabisa, alikuwa pembezoni mwa maji anachonga kijiti kwa kisu.

Tukamuuliza unafanya nini. Akasema anapima ziwa. Alikuwa amekata pengo pengo kwenye kile kijiti, kila pengo upana wa kidole, akakichomeka pale maji yanapoishia, akarudi kukaa. Tukamcheka. Baada ya kama dakika arobaini akaenda kuangalia akarudi anasema yamepanda vidole vinne. Nahodha akasema si mvua. Akaenda tena baadaye, yameshuka vidole saba. Sasa hapo tukanyamaza, maana mvua haijakatika hata kidogo, hayo maji yanashukaje?

Hii sehemu niliipenda mpaka leo. Upepo ukisukuma maji ya ziwa upande mmoja kwa masaa, maji yanajaa upande ule na kupungua huku, halafu upepo ukilegea yanarudi, ila hayarudi yakasimama, yanapitiliza, yanarudi tena, ziwa zima linabembea kama karai uliloinua upande mmoja ukaliachia. Kule Ziwa Geneva wenyeji wanaliita jambo hilo seiche na walilijua zamani, ila aliyekaa akalipima kwa miaka ni Mswisi mmoja, François-Alphonse Forel, karne ya 19, akaonyesha ziwa lile linachukua kama dakika 73 kwenda na kurudi. Na sio mambo ya vidole tu. Ziwa Erie, la huko huko Amerika Kaskazini, ambalo ni refu na halina kina sana, upepo ukivuma kwa urefu wake maji yanaweza kupanda zaidi ya mita 2 upande wa Buffalo huku upande wa pili, Toledo, yanashuka.

Mwalimu anaeleza hayo kwa mikono na kikombe cha chai, na sisi tunamsikiliza vizuri kabisa, na hakuna aliyefikiria boti. Boti tuliivuta nchi kavu jana yake, lakini tuliivuta kivivu, kamba tumeizungushia jiwe. Dogo ndiye aliyesema, kaka, ile boti si ilikuwa inaangalia huku? Tukageuka. Ilikuwa imeinuka nyuma, inageuka polepole na kamba inateleza kwenye jiwe bila haraka. Nahodha alikimbia na chupi, suruali ilikuwa inakauka kwenye kioo cha gari, akaingia mpaka kifuani, akaikamata ukingoni, na pale alipokuwa ameishika anapiga kelele tumsaidie maji yakaanza kushuka yenyewe yakamwacha amesimama yakiwa magotini, na boti imetua. Alimwangalia Mwalimu kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza.

Mchana mrefu. Ukikaa chini ya turubai masaa sita unajua vitu kuhusu marafiki zako ambavyo miaka kumi ya kupigiana simu haikukuambia, kwa mfano Nahodha anaogopa radi kweli kweli, ndiyo maana anataka kwenda majini, akikaa bila kazi anaanza kuisikiliza. Hilo alilisema mwenyewe, amegeukia pembeni, anajifanya anafungua fundo la mshipi ambao haukuwa na fundo.

Kisha ukaja mjadala wa presha. Kila mvuvi wa mshipi ana imani yake, kwamba presha ya hewa ikishuka kabla ya dhoruba samaki wanakula kama wamefunguliwa, ikishuka sana wanafunga mdomo, wanahisi kwenye kibofu chao cha hewa. Nahodha ana apu ya kipimo cha presha kwenye simu, akaonyesha, imeshuka nane toka jana, samaki sasa hivi wanapagawa kule. Mwalimu akauliza, nane nini, akasema sijui nane tu. Ni hektopaskali, kipimo cha presha ya hewa. Mwalimu akamwambia hizo nane ni sawa na uzito wa sentimita nane hivi za maji, samaki akipanda juu kiganja kimoja tayari amebadilisha presha kuliko dhoruba yako yote. Kimya. Mimi sasa sisemi kwamba samaki habadiliki kabla ya mvua, wanaobadilika nimewaona, inaweza kuwa ni mwanga umepungua, ni upepo unakoroga maji na wadudu. Lakini lile la kibofu tangu siku ile naliona gumu.

Na Mwalimu akiwa ameshika usukani hivyo akatupa stori ya FitzRoy. Huyu Robert FitzRoy ndiye aliyekuwa kapteni wa ile meli Beagle iliyomzungusha yule mwanasayansi Darwin, baadaye akapewa kazi ya mambo ya hali ya hewa Uingereza. Oktoba 1859 meli inaitwa Royal Charter, inatoka Melbourne imekaribia kabisa nyumbani, dhoruba ikaipigiza kwenye miamba ya Anglesey kule Wales, wakafa watu zaidi ya 400. FitzRoy akaona hii inaweza kuonywa mapema. Mwaka 1861 akaanzisha alama za kutundikwa kwenye nguzo bandarini, koni na pipa, taarifa inafika kwa telegrafu, ile simu ya waya ya zamani, wanatundika, mvuvi akiiona anajua asitoke. Na vijiji vidogo vya wavuvi alikuwa ameshaanza kuwapelekea vipimo vya presha wajiangalizie wenyewe. Sasa nani alilalamika? Wenye vyombo. Maana alama ikitundikwa boti hazitoki, hazikutoka hakuna samaki, na jioni dhoruba isipokuja nani analipa. FitzRoy alifariki 1865, mwaka uliofuata wakubwa wakazisimamisha zile alama kwamba hazina sayansi ya kutosha, na 1867 zikarudishwa, watu wa baharini walizidai.

Nahodha akasema mimi nawaelewa wenye vyombo.

Na mimi pia nawaelewa, ndio shida. Aliyesema tusiende hana kitu cha kuonyesha. Dhoruba ikija, hukuwa majini, utajuaje ingekufanya nini? Isipokuja, wewe ndiye uliyewaharibia watu siku. Aliyesema twende akirudi na samaki ni shujaa, akirudi bila samaki ana stori, hata akilowa mpaka mifupa ana stori.

Saa kumi kasoro jioni mvua ikakatika, kama bomba limefungwa. Jua likapenya, ziwa likageuka rangi ya shaba, upepo hakuna, na karibu kabisa na ukingo, hatua ishirini hivi, samaki akaruka. Mkubwa. Tuliona tumbo. Nahodha hakusema neno, alianza kupakia tu. Dogo amevaa kofia. Mpaka Mwalimu nikamwona anatafuta laifujaketi yake. Na mimi nikasimama pale nikasema, mngurumo wa mwisho nimeusikia saa tisa na dakika thelathini na nane, tunasubiri nusu saa tangu huo, zimebaki dakika nane.

Hiyo nusu saa sikuitunga, ndio kanuni inayofundishwa, kwa sababu radi inaweza kupiga kilomita zaidi ya kumi kutoka mahali mvua inaponyesha, huku wewe jua limekupiga kisogoni unajiona umepona. Na majini wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, halafu umeshika fimbo ya kaboni, ambayo inapitisha umeme vizuri tu. Nahodha akasema dakika nane sawa. Akakaa ukingoni mwa boti ananiangalia na mimi naangalia saa. Samaki akaruka tena.

Dakika saba zikapita. Ya nane imeanza, na mimi nikasikia.

Mbali sana. Chini, ndefu, inaburuzika. Nikasema mmesikia? Nahodha akasema lori. Nikasema lori gani? Akasema barabara si iko pale nyuma ya kilima, lori linashuka na gia. Nikamuuliza Mwalimu, akasema amesikia kitu, lakini kwa uaminifu hawezi kusema ni nini. Dogo, mtoto mzuri yule, akasema kaka mimi naona kama lori ila lilikuwa na ngurumo ndani yake. Tukabishana pale mpaka sauti yenyewe ikasahaulika ilikuwaje. Mwisho nikasema, mnataka kwenda nendeni, mimi siendi, na ufunguo wa boti ninao mimi. Ulikuwa mfukoni kwangu kweli, nilikuwa nimeuchukua asubuhi baada ya ile stori ya chupi.

Saa ikaanza upya, nusu saa. Hakuna kilichonguruma tena. Ikafika saa kumi na nusu na dakika kadhaa, jua limeshaanza kushuka, tuseme twende, kufunga injini, kujaza mafuta, ikagoma kuwaka, plagi imelowa, tunaifungua tunaipuliza, giza hilo. Nahodha hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Na ile jioni ilikuwa nzuri, jamani. Sijawahi kuona jioni kama ile. Nyota zimetoka moja moja na zote ziko chini kwenye maji pia. Sio wingu, sio mwanga, sio chochote. Kwenye saa moja ikapita boti ya watu wengine, tochi mbele, wanaimba, wakatupungia, mmoja akainua kitu juu kwenye mwanga tuone. Hatukuuliza ni kilo ngapi.

Jumapili asubuhi tulikuwa na saa moja tu kabla ya kuondoka. Tukaingia, maji kioo, hakuna aliyegusa chambo isipokuwa Dogo, akapata kasamaki urefu wa kiganja, akapiga nako picha ishirini, akakarudisha majini. Tulipokuwa tunafunga mizigo nikaenda kuangalia kijiti cha Mwalimu. Kilikuwa kimesimama pale pale, maji kwenye pengo la tatu, na wakati nimechuchumaa nakiangalia nikasikia ile sauti tena kutoka nyuma ya kilima, chini, ndefu, inaburuzika. Nikainuka kuangalia mbingu. Nyeupe pee. Nikaangalia upande wa barabara, kilima kimeziba.

Sikuwaambia.

Sasa ni miezi kadhaa na kila mmoja wao akikutana na lori mahali popote, liwe la mchanga, liwe la mafuta, anasimama, anapiga picha, anatuma kwenye grupu. Dogo wiki iliyopita kaleta video kabisa, lori limepaki, limezima, dereva amelala chini ya uvungu, na yeye ananong'ona kwenye simu, kaka tusubiri dakika thelathini. Nimeandika pale chini kama ninavyoandika kila mara, ile ilikuwa ngurumo.